Fremu isiyokata jina: karakana ya mzee wa Shela, Malindi

Kuna karakana ya fremu hapa Malindi ambayo haina bango, haina jina, na simu yake huita mpaka ikakatika. Iko mtaa wa Shela. Ukiyapa mgongo makaburi ya mnara yaliyo kando ya Msikiti wa Ijumaa, ingia vichochoroni uulizie fundi wa chini ya mti wa mkungu. Mlango ukiwa wazi utasikia randa kabla hujaona mtu. Nimempelekea mzee yule kazi tatu tangu mwaka jana. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye picha, cheti au leso (kanga) ya marehemu bibi anayotaka kuitundika, lakini zaidi nawaandikia wenzangu tunaochora tuktuk, vibao na kuta, ambao siku hizi tunaitwa kwenye maonyesho ya mahotelini na hatujui picha zetu ziingie huko zimevaa nini.

Nianze na jeraha, maana bila hilo hutaelewa kwa nini namsifu mtu kwa kutokata kitu. Miaka michache iliyopita nilipeleka picha yangu kwa mtengeneza fremu mmoja wa Mombasa. Akanipokea vizuri, akachukua pesa, akaniambia nije Alhamisi. Alhamisi nikaikuta ndani ya fremu ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, kioo kinang'aa hata huoni kitu ila uso wako, na upande wa chini kulia pamekatwa vidole vinne ili picha ienee kwenye kipimo alichokuwa nacho dukani. Kwenye vidole vile vinne ndipo lilipokuwa jina langu. Nikamwuliza kipande kiko wapi. Akasema ameshakitupa, na kwamba picha yenyewe hakuigusa.

Kwa mtu aliyelelewa na grafiti, jina ndilo picha. Vijana wa New York waliojaza mabehewa ya treni kwa rangi miaka ya 1970 walijiita waandishi, na walichokiandika kilikuwa jina. Mmoja wao, TAKI 183, aliingia kwenye gazeti la New York Times mwaka 1971 kwa kazi hiyo moja: kuandika jina lake na namba ya mtaa wake kila alikopita. Hakuchora ua wala mtu. Baadaye herufi zikanenepa, zikafungamana, zikatiwa vivuli na mishale mpaka mgeni hawezi kuzisoma, lakini ndani ya msitu ule wote lilikuwa jina tu. Ukimkatia mwandishi jina ukamrudishia kilichobaki, umemrudishia bahasha, barua umebaki nayo.

Nilitoka Mombasa na picha ile kwapani, na kwa muda mrefu sikupeleka kitu kwa fundi yeyote.

Mwaka jana, dereva mmoja wa tuktuk niliyemchorea turubai la mgongoni alibadilisha nguo yote ya gari lake. La zamani alitaka kulitandikia kuku. Nikamwomba, akanipa. Ni turubai jeusi la plastiki nzito, lina urefu wa sentimita 130 na upana wa 90. Limezunguka miaka mitano njia ya Maweni hadi Casuarina, likapigwa na chumvi, jua na moshi. Nilikuwa nimemchora mama amejitanda leso, ameshika maikrofoni karibu na mdomo, na juu ya pindo la leso kuna jina lake, yaani msemo wake, kama leso zetu zinavyobeba majina. Maneno ni WEMA HAUOZI, lakini nimeyaandika kwa herufi za grafiti. Ile M ya kwenye WEMA nimeipa mguu wa kulia uliochongoka kama omo la mashua. Chini kuna kiraka cha umbo la pembe tatu, palipochanika siku tuktuk ilipolala ubavu, na mshono wake ni wa uzi wa bluu kwa sababu siku hiyo fundi cherehani hakuwa na mweusi. Pembeni kuna doa la oili kama kiganja cha mtoto.

Nikalikunja, nikaenda chini ya mkungu.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Starehe."

Nikalikunjua juu ya meza yake. Mzee hakuligusa kwanza. Aliinama, akaliangalia kwa mbali, kisha kwa karibu, akavua kofia akaiweka kando. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hili lilikuwa limekaa wapi?" Nikamweleza. La pili, "Juu ni wapi?" La tatu ndilo lililonifanya nikae kitako kwenye kigoda chake: "Na jina lako liko wapi?"

Nikamwonyesha. Liko chini kulia, kama kawaida yangu, limebanana na pindo hata nusu ya herufi ya mwisho imeingia kwenye mshono. Akatoa chaki ya fundi cherehani mfukoni, akazungushia mstari hapo. "Hapa msumari haufiki," akasema.

Sikumwambia habari ya Mombasa. Hakuwa anaijua.

Sasa niseme alichofanya, kwa sababu sijaona fundi mwingine hapa pwani akifanya hivi, na wachoraji wenzangu mnatakiwa mkijue hata kama mtakwenda kwingine. Turubai la plastiki haliwambwi kama kitambaa. Ukilivuta kwa misumari hupasuka, na rangi ya mafuta iliyo juu yake huvunjika vipande kama ganda la yai. Mzee alikuwa mshonaji wa matanga ujanani mwake, kule Matondoni, kisiwani Lamu, na akili yake ilikwenda kwenye tanga. Alichukua marikani, akakata mikanda ya upana wa shubiri moja, akaishona kuzunguka turubai lote kwa mkono, kwa kupitia matundu yaleyale ya mshono wa zamani ili asitoboe jipya hata moja. Halafu akaivuta ile mikanda ya marikani nyuma ya fremu ya ndani, akaifunga kwa kamba inayokwenda na kurudi, kama mtu anayewamba kitanda. Turubai lenyewe halijaguswa na chuma. Likilegea wakati wa joto, unageuza picha, unakaza kamba, basi.

Nilikaa siku mbili nikimtazama akishona, na lile neno marikani likanikaa kichwani. Tumelizoea hata hatulisikii tena. Ni kitambaa kilichokuja Unguja na merikebu za Marekani karne ya 19, kutoka viwanda vya Massachusetts, kikapewa jina la kwao na likabaki. Sasa kinashikilia grafiti ya tuktuk, sanaa nyingine iliyotoka hukohuko.

Fremu ya ndani ni ya mkilifi, ambao wengine wanauita mwarubaini. Wachongaji wa Malindi wanaupenda, na mzee anasema bungua hawauchezei. Nami namwamini, maana nimeona fremu za mwembe zikigeuka unga ndani ya miaka miwili ukutani. Fremu ya nje ni mbao nyembamba zilizopigwa randa zikaachwa na rangi yao, bila vanishi ya kung'aa, na hailigusi turubai. Kati yake na picha kuna nafasi ya kidole kimoja pande zote, kwa hiyo ukisimama mbele unaona pindo zima, uzi wote, matundu yote ya vifungo, na jina lote. Nyuma ameacha wazi hewa ipite. Kulabu ni za shaba, kwa sababu chuma cha kawaida mita 300 kutoka baharini hakimalizi mwaka.

Palipobanduka rangi alikataa kupagusa. Nilimwomba apitishe gundi kidogo, akatikisa kichwa. "Mbao yangu, rangi yako." Nikarudi na brashi zangu nikagandisha vipande vilivyolegea mwenyewe, mezani kwake, naye akinisogezea taa.

Mwenye maonyesho alikuwa mama mmoja wa Kitaliano mwenye ukumbi karibu na ufuo, mtu mwema, aliyeishi hapa muda mrefu na Kiswahili chake ni cha sokoni kabisa. Alipoliona turubai kwenye simu yangu alitaka fremu nene na kioo. Alisema bila kioo watu watadhani ni kitu kilichookotwa. Nikamwambia, Signora, nchi yenu ni miongoni mwa zilizotangulia kuyapokea haya. Hakuwa analijua hilo, na ninyi wengi pengine hamlijui, kwa hiyo nilieleze.

Mwaka 1979, wakati mjini New York grafiti ilikuwa kesi ya polisi, vijana wawili wa kule, Fred Brathwaite anayejulikana kama Fab 5 Freddy na Lee Quiñones, walionyesha picha zao Roma, kwenye galari iitwayo La Medusa. Roma, kabla ya galari kubwa za kwao. Freddy ni mtoto wa Brooklyn, na alikuwa mtu wa kupita kati ya milango: jioni moja yuko na ma-DJ wa Bronx, nyingine yuko na wachoraji na wanamuziki wa roki wa Manhattan. Mwaka 1980 alichora behewa la treni lenye mikebe mikubwa ya supu, ileile aliyoifanya mchoraji Andy Warhol kuwa maarufu miaka ya 1960. Watu waliokuwa wakingoja treni stesheni waliona jumba la sanaa likiwapitia mbele ya macho. Kuanzia 1988 akawa mtangazaji wa kipindi cha kurapu kwenye MTV, na hapo ndipo dunia nyingi ilipomjua. Kwangu mimi, lakini, Freddy ni yule wa mikebe. Alikuwa anawaambia wenye galari kwamba nyumba yenu naijua na watu wenu nawajua, nikija msinionyeshe mlango wa jikoni.

Signora alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani alizitengenezea fremu zile picha za Roma. Sikuwa na jibu, lakini nilifurahi kwamba aliuliza, na kioo hakikutajwa tena.

Aliyenivuta mimi ni mwingine. Lady Pink alizaliwa Ecuador mwaka 1964 akalelewa Queens, New York. Alianza kuandika jina lake mwaka 1979, akiwa shule, akachora treni mpaka 1985 katikati ya wavulana waliokuwa wakimwambia msichana hawezi kuruka ua wa karakana ya treni usiku. Niliposoma habari zake kwa mara ya kwanza nilijikuta nimesimama kwenye gereji ya Maweni mwaka 2001. Nilikuwa na miaka 17, binti peke yangu kati ya mafundi, na usiku tukighani mashairi yetu barazani na kusikiliza kaseti za Ukoo Flani, kundi la kurapu la Mombasa, mpaka utepe ukakwama. Ubavu mmoja wa matatu ulinichukua siku tatu. Wateja walikuwa wakimwuliza fundi mkuu, "Huyu binti ndiye atakayechora?" na fundi mkuu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwajibu, "Kama hutaki, peleka kwingine."

Kisha zikaja Sheria za Michuki, zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi, John Michuki. Kuanzia tarehe 1 Februari 2004 kila matatu ilitakiwa iwe na mstari wa njano, kidhibiti mwendo na mikanda. Mikanda na vidhibiti mwendo sina ugomvi navyo, viliokoa watu. Lakini nakumbuka nimesimama stendi nikitazama gari moja baada ya jingine likipita limepakwa rangi moja, na mstari wa njano umepita juu ya herufi zangu. Miaka mitatu ya kazi ikaondoka ndani ya wiki chache, na sikuwa na picha hata moja ya kamera.

New York waliyapitia hayo. Treni zilioshwa kwa dawa, zikarudishwa relini, na tarehe 12 Mei 1989 shirika la usafiri la jiji likatangaza kwamba behewa la mwisho lenye michoro limeondolewa. Hakuna treni ya Lady Pink unayoweza kwenda kuigusa leo. Kilichobaki ni picha za kamera na turubai. Mwaka 1984 alifanya onyesho lake la peke yake katika chuo cha sanaa cha Moore, Philadelphia, na kazi zake zimeingia kwenye hazina za majumba ya makumbusho ya New York kama Whitney na Metropolitan. Wako wanaosema waandishi wale waliuza roho walipoingia galari. Mimi niliyeuona mstari wa njano ukipita juu ya jina langu siwezi kusema hivyo. Walitafuta mahali ambapo kazi haioshwi.

Ila galari nazo zina tabia zake. Ile ndogo iliyowapokea kwa mapenzi, Fun Gallery ya Patti Astor na Bill Stelling, ilifunguliwa 1981 na kufungwa 1985. Sidney Janis, galari ya wakubwa, ikawafanyia onyesho Desemba 1983, na jina la onyesho lenyewe lilidai kwamba hii sasa ni sanaa ya baada ya grafiti, kana kwamba ile ya treni ilikuwa ngazi ya kupandia. Mwaka 2017 picha moja ya Jean-Michel Basquiat, aliyeanza kwa kuandika kwenye kuta za Manhattan, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 110.5. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1988, na miaka 27 tu. Wenzangu, bei ya kwanza mnayoandikiana na mwenye ukumbi isomeni vizuri, kwa sababu ndiyo bei pekee mnayoishika mkononi.

Sasa nirudi karakana, kwa jambo lililotokea siku ya nne.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mzee anapiga msasa. Akaingia mgeni mmoja, na kijana wa kumwongoza, wamebeba kitu kimerefuka ndani ya gunia. Walipokifungua nikasimama. Mama yangu ni Mgiriama. Nilikijua kabla gunia halijafika nusu: kigango, cha kale, mti umeshakuwa wa kijivu, kichwa cha duara, mapambo ya pembe tatu yamechongwa kifuani, na chini bado kina alama ya udongo pale kilipokuwa kimesimikwa. Mgeni alitaka kitengenezewe kitako cha mbao ili kisimame sebuleni.

Kwa asiyejua: kigango ni mti wa kuchongwa wa ukumbusho, husimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Kikishasimikwa hakiondolewi, hata watu wa mji ule wakihama. Tangu miaka ya 1970 viliibwa kwa mamia vikauzwa kwa watalii, na vingi vikaishia kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani, vimetundikwa kwenye taa nzuri, bila jina la marehemu. Makumbusho moja ya Denver ilikubali kuvirudisha 30 ilivyokuwa navyo. Nyumbani kwa kina mama yangu ipo familia ambayo mpaka leo ikipata ugonjwa au ukame wanakumbuka tundu lililobaki ardhini.

Mzee aliweka msasa chini. Hakupandisha sauti. Alimwambia yule kijana, "Mwambie mgeni wetu hiki kina mwenyewe. Sikitii kitako." Kijana akafasiri. Mgeni akasema amekilipia. Mzee akasema, "Mwambie namwamini. Lakini aliyemwuzia hakuwa mwenyewe." Wakatoka. Nikamwona mzee ameshika ukingo wa meza, vidole vimekuwa vyeupe. Jioni ile alituma habari kwa wahusika wa makumbusho, na sitaendelea zaidi ya hapo kwa sababu mengine si yangu kuyasema.

Mimi nilibaki na turubai langu mbele yangu, na moyo ukanienda mbio. Nikamwuliza, "Baba, na mimi hili nimeling'oa mahali pake. Lilikuwa barabarani, watoto wa Maweni walikuwa wakilisoma. Kwa nini hukunikataza?"

Akaokota msasa wake. "Wewe umekuja nalo mwenyewe," akasema.

Nimezunguka na jibu lile kila nilikokwenda. Freddy alikwenda Roma na miguu yake. Lady Pink aliingia Philadelphia akiwa hai, akasimama kando ya picha zake, akajibu maswali kwa mdomo wake. Ndivyo ninavyotaka kuingia na mimi, na ndiyo sababu ya msingi ya kumpendekeza fundi huyu kuliko wenye maduka yenye viyoyozi: kabla hajashika kipimo anataka kujua kitu kimetoka wapi na nani amekileta. Alipomaliza aliniambia niligeuze turubai, nichukue brashi, niandike nyuma ya fremu kwa mkono wangu limetoka wapi na lilikaa miaka mingapi. Nikaandika njia yote, Maweni hadi Casuarina.

Lilitundikwa wiki mbili. Signora aliweka taa moja ya pembeni, na kwa mwanga ule, ule uzi wa bluu wa kiraka ukaonekana kuliko kitu chochote. Siku ya tatu dereva wangu wa tuktuk alikuja na mkewe, wamevaa nguo za Idi. Alisimama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kwenye kiraka akamweleza mkewe siku tuktuk ilipoanguka, nani alikuwa ndani, nani alisaidia kuinyanyua. Watu wawili waliokuwa karibu waliacha mazungumzo yao wakamsikiliza yeye. Yeye ndiye aliyekuwa akiieleza picha, na aliieleza vizuri kuliko karatasi niliyoibandika ukutani.

Haya, kasoro. Zipo, na nitazisema kama zilivyo.

Muda. Mzee aliniambia siku kumi, kazi ikachukua wiki tano. Haongopi kwa makusudi, ila hawezi kumkatalia mtu anayeingia na picha ya maiti wa jana, na kazi yako itasogezwa. Usimpelekee kitu cha arusi ya Jumamosi. Simu, nimeshasema, nenda kwa miguu. Risiti hana, nami nilizihitaji kwa Signora, ikabidi niandike mwenyewe kwenye kitabu nilichonunua dukani naye akatia sahihi.

Kubwa zaidi ni leso ya bibi yangu, kazi yangu ya pili kwake. Hiyo nilitaka kioo, kwa sababu ni pamba ya zamani na vumbi la Malindi halina huruma. Alikiweka kioo kikagusa kitambaa. Masika yalipofika, unyevu ukaingia, ukanasa, na kwenye kona ya juu kukatokea madoa ya ukungu kama punje za mtama. Nilipomrudishia alinyamaza, akafungua mwenyewe mbele yangu, akaweka vijiti vyembamba vya mbao kati ya kioo na leso ili hewa ipite, na hakunitoza hata senti. Lakini madoa yamebaki. Bibi hakuiosha leso ile kwa sabuni ya unga maisha yake yote, kwa hiyo sikuthubutu kuyagusa. Mkipeleka kitambaa kwake, mwambieni vijiti tangu mwanzo. Kwa mbao na kuwamba simjui anayemfikia. Kwa kioo bado anajifunza.

Bei. Turubai la tuktuk, fremu mbili, ushonaji na kulabu, nililipa shilingi 7,500, nusu mwanzo na nusu mwisho. Leso na kioo chake, 5,200. Kazi ya tatu ilikuwa cheti cha mwanangu cha madrasa, 1,300, na sina la kusema juu yake isipokuwa kimenyooka. Yule wa Mombasa alinitoza 4,000 kwa fremu ya plastiki na jina langu kwenye pipa la taka.

Nenda asubuhi, kabla ya adhuhuri, kwa sababu mchana mwanga ndani ni mdogo na mzee macho yamechoka. Ijumaa hafungui. Chukua kitu chenyewe, usiende na picha ya simu, atakurudisha.

Kazi yangu ya nne iko mezani kwake sasa. Mwezi uliopita niliukuta mlango wa nyuma wa matatu kwenye yadi ya vyuma chakavu, nje kidogo ya mji. Umepakwa nyeupe, na mstari wa njano umepita katikati, lakini kwenye kona moja rangi imebanduka na chini yake kuna kipande cha nyekundu ninachokijua, kwa sababu niliichanganya mwenyewe kwenye kopo la maziwa mwaka 2003. Nimeununua kwa kilo, kama chuma. Mzee ameulaza juu ya magunia, ananipa ncha ya kisu kilichochakaa ili nisikwaruze ndani, naye anashika taa. Tunakwenda polepole, upana wa ukucha kwa siku. Jana tulifika kwenye herufi ya pili.